Tulimlipisha Mama Maji

Tunawaandikia vijana wenzetu, wa hapa Nakivale, wa Kyangwali na Rwamwanja, wa Kakuma, wa Nyarugusu, wa Mahama, na wa Dzaleka kule Malawi. Na ninyi mnaofanya kazi na sisi, mnaokuja asubuhi na magari meupe na kuondoka jioni, karibuni pia, maana humu na ninyi mmo.

Kila kijana anayetaka kufungua vyumba vya wageni anakuja kutuuliza bei ya kitanda. Anauliza godoro tulinunua wapi, mabati mangapi, sola ya wati ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kuhusu biskuti. Sisi kitanda hakikutusumbua. Tulianguka kwa biskuti na chupa ya maji.

Tuko vijana 8: Wakongo watano, Warundi wawili, na ndugu yetu mmoja Msomali. Wengi wetu tunajitolea mchana, wengine kliniki, wengine shule, wengine kutafsiri kwenye mikutano. Mnajua wenyewe kujitolea kunalipa nini. Mwaka 2023, WFP ilipogawa watu katika makundi matatu na wa kundi la tatu wakaondolewa kabisa kwenye mgao wa chakula, nyumba tatu kati ya zetu ziliangukia huko. Ndipo tulipokaa na kusema, jamani, tutafute kitu.

Wenzetu wa Nyarugusu mtauliza, mkimbizi anafunguaje nyumba ya wageni? Huku Uganda sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo ukiwa na kauwanja kako na matofali yako hakuna anayekufukuza. Tunajua kwenu kutoka nje ya kambi tu ni shida, hatusemi haya kwa kujisifu.

Uwanja tulipewa na baba wa mmoja wetu. Matofali tulifyatua wenyewe, mabati tulinunua kwa mkopo wa kikundi cha akiba. Vyumba vitatu. Kila chumba kina kitanda, neti, meza ndogo, kiti cha plastiki, taa ya sola na misumari mitatu ya kutundikia nguo. Shilingi 15,000 kwa usiku mmoja. Wageni wapo: wafanyabiashara wanaokuja kununua mahindi na maharage, wanafunzi wa chuo wanaokuja na maswali yao, wafanyakazi wa mashirika waliokosa gari la kurudi Mbarara, na ndugu za watu wanaokuja kuona watu wao. Hao wa mwisho ndio wengi, na ndio hatukuwafikiria vizuri.

Sasa hili sinia lilitoka wapi? Mmoja wetu aliwahi kufanya usafi kwenye hoteli moja Kampala. Alituambia kule kila chumba kina friji ndogo yenye soda, bia na chokoleti, na juu yake karatasi ya bei. Mgeni akinywa, inaandikwa, analipa siku ya kuondoka. Akasema hoteli inapata faida hata mgeni akiwa amelala. Sisi friji hatuna, basi tukanunua masinia matatu ya bati, yale ya maua. Kila sinia tuliweka chupa mbili za maji, soda mbili, pakiti mbili za biskuti na kikaratasi cha karanga tulizokaanga wenyewe. Tukafunika na kitambaa cheupe. Lilipendeza kweli, tulipiga mpaka picha.

Ila jambo moja hatukulizungumza. Mwenzetu wa hoteli alikuwa akilini mwake anauza. Mwenyekiti wetu alikuwa akilini mwake anakaribisha, kama mama yake alivyokuwa akifanya kwao Fizi, mgeni hajakaa vizuri maji yameshafika. Sinia ni lilelile, kitambaa ni kilekile, kila mtu na maana yake. Tuliacha hivyo hivyo kwa sababu siku ya kufungua hakuna anayetaka ugomvi.

Mwezi wa kwanza tulitoa bure. Wageni walifurahi, wakasema nyumba ya vijana ina ukarimu. Halafu dada yetu Mrundi, ambaye ndiye keshia, akafungua daftari. Maji kwa bei ya jumla 700, mara mbili. Soda 1,200, mara mbili. Biskuti 500, mara mbili. Karanga 500. Jumla shilingi 5,300 kwa sinia moja, na mgeni analipa 15,000. Ondoa sabuni na mtu wa kufua mashuka, ondoa rejesho la mkopo wa mabati, kinachobaki hakinunui hata kilo mbili za maharage kwa watu 8. Akasema kwa sauti ya polepole, na yeye akiongea polepole ujue amekasirika: "Tunawalisha wafanyabiashara wa mahindi, sisi wenyewe tunalala na uji."

Alikuwa na haki. Tunalisema hili mapema ili mtu asije akadhani tunafundisha kwamba kulipisha ni dhambi. Mtu aliyekatiwa mgao hana biskuti ya kugawa.

Tukaamua kuanzia mwezi wa pili vitu vya sinia vitalipwa. Maji 1,000, soda 2,000, biskuti 1,000, karanga 1,000. Sinia zima likiliwa ni 9,000. Swali likawa, mgeni tutamwambiaje? Mmoja akasema tubandike karatasi ukutani kama hotelini. Mwenyekiti akakataa, akasema itaonekana vibaya, mtu anaingia tu anakutana na bei. Mwingine akasema tumwambie kwa mdomo anapofika. Nani atamwambia? Kila mtu akatazama chini. Mwishowe tukakubaliana tutaandika kwenye risiti siku ya kuondoka. Yaani tuliona aibu kuibandika bei ukutani, ila hatukuona aibu kumpa mtu karatasi akiwa ameshabeba begi lake.

Na ubaya ni kwamba mwanzoni ilifanya kazi. Mgeni wa kwanza kulipa alikuwa mfanyakazi wa shirika, mzungu, alimaliza sinia lote, akaona risiti, akalipa, akaongeza 5,000 akisema karanga ni tamu. Tukashangilia. Tukasema kumbe watu wanaelewa. Hatukujiuliza kwamba huyu amezoea hoteli, kwake sinia lile lilikuwa friji bila umeme, alijua tangu anafungua chupa kwamba atalipa.

Wa pili alikuwa na neno lingine. Alitaka tumwandikie risiti moja, chumba 24,000, bila kutaja soda wala biskuti, kwa sababu ofisi yake inalipa malazi tu, vinywaji ni vya mfuko wake. Tulibishana nusu saa, na siku ile tulikataa. Ndugu zetu wa mashirika, hii tunawaambia kwa upendo: mkituomba kuandika hivyo, kesho mkaguzi akija jina lililo chini ya risiti ni letu, na sisi ndio tutaitwa wakimbizi waongo. Tangu siku ile chumba kina risiti yake na vinywaji vina karatasi yake.

Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Huyu alikunywa Mirinda mbili, akajaza chupa kwa maji aliyotia rangi kidogo na maji ya chai, akakaza vifuniko, akazirudisha kwenye sinia chini ya kitambaa. Mgeni aliyefuata ndiye aliyegundua! Tulicheka siku mbili. Lakini baada ya kucheka tukaanza kuhesabu. Mgeni akienda kuoga, mmoja wetu anaingia chumbani, anainua kitambaa, anahesabu, anatikisa chupa, anaangalia kama kifuniko kimefunguliwa. Siku moja mgeni alirudi mapema amesahau sabuni, akamkuta mwenzetu ameinama juu ya meza yake, pembeni ya begi lake lililo wazi. Alinyamaza. Akahama usiku uleule. Mtu ambaye maisha yake yote amepitia vizuizi barabarani, mabegi yake yakipekuliwa na watu wenye bunduki, ukimkuta ndani ya chumba alicholipia, hata ukiwa unahesabu karanga, anaona nini?

Hapo tungeacha. Hatukuacha. Ikabidi aje mama.

Alitoka Bukavu, ilikuwa mwaka 2024. Mtoto wake wa kiume anakaa Rubondo, ni mkubwa wetu, tunamwita yaya, alikuwa akitufundisha mpira tulipokuwa wadogo. Walikuwa hawajaonana miaka 8. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa tatu wiki mbili nyuma, na mama alikuja kumwona mjukuu. Alipita Rwanda kwa basi, akavuka Gatuna, Kabale, Mbarara, akafika kwetu jioni na vumbi mpaka kwenye kope.

Mtauliza kwa nini alale kwetu na mtoto wake ana nyumba. Nyumba ya yaya ni chumba kimoja, nguzo na turubai, na pazia katikati. Mama mkwe hawezi kulala chumba kimoja na mkwe wake, tena aliyejifungua juzi. Kwetu hilo halina mjadala. Kwa hiyo mama alichukua chumba siku mbili, akalipa 30,000 mkononi hata hatujamwomba. Alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki umefungwa kwa kamba. Akaufungua palepale uwanjani, ukatoa harufu ambayo Wakongo wote watano tulisimama bila kuambiwa. Sambaza. Sambaza kavu wa Ziwa Kivu. Kuna wenzetu hawajaila harufu ile tangu wakiwa na miaka kumi.

Mama akacheka, akasema: "Leteni sahani." Akatumiminia sahani imejaa, ya kwetu sote. Akasema tupike na nyanya, tusiweke mafuta mengi. Usiku ule tulikula bugali na sambaza wa mama, na ndugu yetu Msomali, ambaye samaki huwa anamtazama kama adui, aliomba nyongeza.

Huku na sisi tulimwekea sinia. Mama aliinua kitambaa, akaona, akapiga makofi mawili. Asubuhi wajukuu wakubwa wawili walikuja kumsalimia bibi yao. Mkubwa ana miaka 7 na mdogo 5. Watoto hawa soda wanaiona Krismasi. Mama akawakalisha kitandani, akawafungulia kila mtu na soda yake, biskuti, karanga, yeye akanywa maji. Sisi tulipita dirishani tukaona miguu midogo inaning'inia na kuchezacheza. Mchana, kwa kuwa mgeni anaendelea, tukaweka sinia jipya, kama sheria yetu ilivyosema. Jioni watoto wakarudi.

Siku ya tatu asubuhi anaondoka, boda iko nje inanguruma, tukampa karatasi. Masinia mawili, 18,000.

Mama hasomi vizuri. Akaigeuza, akatuuliza, "Batoto, hii karatasi inasema nini?"

"Mama, ni ya vitu vya sinia."

"Sinia gani?"

"Ile ya soda na maji na biskuti."

Alitutazama mmoja mmoja. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akasema: "Ah. Mi nilizani muko munanikaribisha."

Hakuna aliyejibu. Keshia alikuwa ameshika daftari. Mwenyekiti, yule wa ukarimu, alikuwa anaangalia boda kama vile hajawahi kuona boda. Kulikuwa na nafasi ya kusema, mama, wacha, nenda salama. Ilikaa pale hiyo nafasi, labda kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kila mmoja wetu alingoja mwingine aseme. Mama akageuka pembeni, akafungua fundo la kitenge, akahesabu. Kisha akauliza kama biskuti moja aliyoiona imebaki kwenye sinia anaweza kuichukua, "juu nimeisha kuilipa." Akaiweka kwenye mkoba. "Aksanti batoto yangu, Mungu abariki kazi yenu." Akapanda boda.

Sahani ya sambaza hakuna aliyeiandika mahali popote.

Jioni yaya alikuja. Tukamletea kiti, akakataa kukaa. Wale mliokulia kwetu mnajua mtu akikataa kiti maana yake nini. Hakupiga kelele. Alisema mama amempigia simu akiwa Mbarara, nauli ya basi imepungua, na hakutaka kusema kwa nini mpaka alipombana. Ikabidi akakope kwenye duka la jirani amtumie kwa simu, mkewe ana mtoto wa wiki mbili na ndani hakuna sukari. Akasema, "Mulimuuzisha mama yangu mayi." Akarudia mara moja tu, sasa kwa Kiswahili cha shule, pengine ili na Warundi na Msomali waelewe vizuri: "Mmemuuzia mama yangu maji ya kunywa." Akaondoka.

Kikao cha usiku ule kilikuwa kibaya. Tulianza kwa kutafuta mkosaji. Wakongo tulimlaumu keshia, tukasema ninyi Warundi mnahesabu sana, neno ambalo mpaka leo tunalionea haya, kwa sababu daftari alilifungua kwa ajili yetu sote na pesa zile tulizila sote. Naye akatuambia jambo ambalo hatukulitegemea. "Mimi sikuweka kitambaa cheupe. Ninyi mliweka kitambaa. Kama ni duka, mngeweka kama duka."

Ndugu yetu Msomali, ambaye familia yake ina duka tangu hajazaliwa, akachukua pale. Akasema dukani kwao kuna chai ya bure kwa mteja anayenunua gunia. Chai inakaa kwenye chupa upande wa kiti, sukari ya kuuza inakaa rafuni. Hakuna mteja aliyewahi kuchanganya. Kikiwa mkononi mwa mteja kwa sababu wewe umempa, umempa. Kikiwa rafuni, anauliza bei mwenyewe. "Sisi tumetoa vitu rafuni, tumevipeleka mpaka kitandani kwa mgeni, halafu tunamdai."

Tulikaa kimya kidogo. Kisha mmoja akatoa ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akitaka kututetea. Lakini hata hiyo methali inampa siku mbili kwanza! Mama sisi tulimpa jembe la tangu siku ya kwanza, tukalifunika na kitambaa.

Usiku huohuo mwenzetu wa hoteli alikuwa anasoma kwenye simu habari za Airbnb, ile kampuni ya watu kukodisha vyumba vya nyumbani kwao. Akatusomea kwamba ilianza mwaka 2007 San Francisco, vijana wawili wameshindwa kodi, wakatandika magodoro matatu ya kujaza upepo sebuleni, wakapangisha wageni kwa dola 80 kwa usiku, na kifungua kinywa humohumo. Jina lenyewe limetoka hapo, kwenye godoro la upepo na chakula cha asubuhi. Tulicheka, maana na sisi tumeshindwa kodi ila hatuna sebule. Lakini keshia akauliza swali zuri, "Hicho kifungua kinywa kilikuwa bure, au kilikuwa ndani ya 80?" Ndani ya 80, bila shaka. Akachukua kalamu.

Mahesabu yake yalikuwa hivi. Jagi la maji ya kuchemsha na chupa ya chai ya asubuhi, pamoja na makaa na sukari, ni kama 1,200 kwa mgeni. Tukipandisha chumba kutoka 15,000 kwenda 17,000, maji na chai vinatoka humo, na tunabaki na 800 juu. Mgeni anasikia bei moja mlangoni, anakubali au anakwenda kwingine. Hakuna karatasi ya pili ya kushtukiza.

Masinia tuliyatoa vyumbani. Soda, maji ya chupa, biskuti na karanga tuliziweka kwenye kabati la mbao pale mlangoni, la waya mbele, kila mtu analiona. Bei zimeandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kisomali na Kiingereza. Na mtu anayempokea mgeni lazima aseme kwa mdomo: maji ya jagi na chai ni vyako, vya kabatini vinauzwa. Ni sentensi moja, tunaisema hata kwa mgeni wa mara ya tano. Anayechukua analipa palepale, hatungoji siku ya kuondoka, kwa hiyo hakuna wa kuingia kuhesabu. Ufunguo wa chumba ukishakuwa kwa mgeni hatuingii mpaka atuite.

Bei ya soda pia ilikuwa na kelele. Tulikuwa tunauza 2,000 na duka la ng'ambo ya barabara linauza 1,500. Mwenzetu wa hoteli akasema hotelini wanauza hata mara tatu. Ndiyo, lakini mgeni wa hoteli yuko ghorofa ya tano saa sita usiku, na huyu wa kwetu akitoa kichwa dirishani anamwona muuza duka anapiga miayo. Tukashusha mpaka 1,500. Kwenye kila chupa tunapata 300. Ukiuza kreti unaona kitu, usipouza soda haiozi.

Faida imeongezeka? Kidogo sana. Biskuti tunauza chache kuliko zamani, kwa sababu zamani tulikuwa tunawauzia watu waliodhani wamepewa. Wawili kati yetu bado wanasema tunajipunja, kwamba wafanyakazi wa mashirika wangeendelea kulipa 9,000 bila neno, tungeweka masinia kwa wao tu. Tumelikataa hilo mara mbili, na litarudi tena mwisho wa mwezi rejesho likifika. Ukitazama uso wa mgeni ili kujua kama maji yake ni ya bure au ya kulipia, utakosea tena, na utakosea kwa mama wa mtu.

Kibandiko cha jagi kilileta kicheko. Ndugu yetu Msomali aliandika kwa Kisomali kwamba maji ni "bilaash". Mwenyekiti akamwambia umeandika Kiswahili, hiyo ni bilashi. Wakabishana neno ni la nani mpaka mzee mmoja mgeni akatoka nje na taulo akasema ni la Waarabu, na nyote nyamazeni, watu wanalala.

Kuhusu mama. Kesho yake baada ya kikao tulichanga 18,000 kutoka mifuko yetu, hatukugusa sanduku la kikundi. Tukaongeza miche miwili ya sabuni na kilo mbili za sukari, kama mtu anavyokwenda kumwona mzazi, tukaenda Rubondo wote 8. Yaya alipokea sabuni na sukari kwa sababu ni za mtoto. Pesa alikataa. Tukakaa pale kwenye mkeka, hatujui tuondoke au tubaki, mtoto analia nyuma ya pazia. Mwishowe mkono wa mkewe ukatoka pembeni ya pazia, wazi, bila maneno. Tukaweka pesa hapo. Yaya akatazama, akatikisa kichwa, akatuletea kiti kimoja kwa watu 8.

Ujumbe wa sauti wa mama ulifika baada ya wiki mbili, yaya akaturushia. Nyuma kuna kelele za soko na honi. Anasema amefika salama, anasema mtoto wake amemweleza, anasema tusilale na lile neno moyoni, yeye alishalisahau pale Kabale. Halafu anacheka, kile kicheko chake cha siku ya sahani. Tumekisikiliza mara nyingi, na mpaka leo hatujakubaliana kama anatania au hatanii:

"Nikirudiaka ntaleta tena sambaza. Ila mara hii muniambie mbele, kwenu kilo moja inauzwaka ngapi."